Kopo Limeandikwa Dakika 240, Je, Ukuta Wangu?

*Safu hii hujibiwa na fundi wa kuziba moto aliyeanzia ufundi bomba Ilala, akafanya kazi miaka tisa Dubai, na sasa yuko Dar es Salaam.*

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga nyumba ya ghorofa moja huku Goba. Chini nina fremu nne za kupangisha, juu nitakaa na mke wangu, watoto watatu na mama yangu ambaye miguu inamsumbua. Mpangaji wa kwanza ameshajitokeza, anataka kuuza majiko na mitungi ya gesi. Mabomba ya choo, PVC ya inchi nne, yanapenya slabu na kushukia kwenye kona ya kila fremu, na pembeni yake kuna tundu la nyaya. Fundi wangu anasema nikanunue lile povu la pinki Kariakoo ajaze matundu yote. Kopo limeandikwa B1 na EI 240. Bei yake ni mara mbili ya lile la njano, lakini kama kweli nitapata saa nne, siioni kubwa. Je, nitazipata?
Mjenzi, Goba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hutazipata. Kwa tundu lenye bomba la plastiki, hata nusu saa sikuahidi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili naulizwa kila mwezi, na kwa sababu umemtaja mama asiyeweza kushuka ngazi mbio.

Kopo lako lina alama mbili, na kila moja inajibu swali lake. B1 ni daraja la Kijerumani, linatoka kwenye kiwango chao cha DIN 4102. Linauliza jambo moja tu: kitu hiki chenyewe kinashikaje moto? B3 kinashika upesi, B2 kinashika kwa kawaida, B1 kinashika kwa shida. Kwa hiyo ni kweli povu la pinki ni bora kuliko la njano. Makopo ya njano niliyoyageuza mimi mwenyewe madukani na kusoma maandishi yake madogo, mengi yalikuwa B3, na povu hilo likishakauka linawaka kama sponji ya godoro. Lakini B1 haisemi lolote kuhusu chumba cha pili.

EI ndiyo inayosema habari za chumba cha pili. Ni alama ya viwango vya Ulaya, nayo haipimi povu peke yake. Inapima kizuizi kizima kilivyojengwa. E ina maana moto na hewa yake ya moto havijapenya. I ina maana upande usioungua haujapata joto la kuwasha vitu: wastani wake haujapanda zaidi ya nyuzi 140 juu ya ulipoanzia, na hakuna hata nukta moja iliyopanda zaidi ya 180. Namba inayofuata ni dakika. Ukikuta na R mbele, yaani REI, hapo wanazungumzia pia kubeba mzigo bila kuanguka.

Upimaji wenyewe unafanyika hivi. Unajengwa ukuta au slabu, inawekwa kwenye mdomo wa tanuri, matundu yanazibwa kama fundi atakavyoziba jengoni, kisha tanuri linawashwa kwa ratiba maalumu. Ikifika nusu saa, joto ndani ni nyuzi 842. Saa moja, 945. Saa nne, limepita 1,150. Muda wote huo watu wako upande wa baridi wakisoma vipimajoto. Ufa wowote ukitokea wanausogezea kipande cha pamba, na pamba ikiwaka, hesabu ya E imeishia hapo.

Kwa hiyo zile dakika 240 ni za mwanya uliochomwa siku ile, wenye upana wake, kina chake na aina yake ya ukuta. Muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya kopo, usome jedwali lake. Kwa mapovu ya namna hii utakuta zile dakika 240 zilipatikana kwenye mwanya mnyoofu wenye upana wa kama milimita 10, ndani ya ukuta mnene wa milimita 200, bila kitu chochote kinachopita katikati. Mwanya ukipanuka, dakika zinashuka, na zinashuka kwa kasi. Sasa tazama kwako: slabu ya milimita 150, tundu limegongwa kwa nyundo halina umbo, na katikati yake linapita bomba la plastiki. Hakuna aliyewahi kulichoma tundu lako tanurini.

Na bomba ndilo hatari kubwa kuliko huo mwanya unaolizunguka. PVC inaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi, na chai inamiminwa ikiwa na joto zaidi ya hilo. Moto ukiwaka kwenye fremu, bomba linalegea, linanyong'onyea, linaanguka, na slabu yako inabaki na tundu la inchi nne lililozungukwa na pete ya povu. Tundu hilo linakuwa dohani. Moshi unapanda moja kwa moja hadi chooni kwako, kisha kwenye korido, kisha kwenye chumba cha mama.

Kinachotakiwa pale ni kola ya moto. Ni pete ya bati, ndani yake umelazwa mkanda mweusi wenye grafiti inayovimba kwa joto. Mara ya kwanza kuiona ikifanya kazi nilikuwa Dubai, kwenye uwanja wa nyuma wa stoo. Msimamizi wetu alifunga kola kwenye kipande cha bomba, akashika tochi ya gesi, akatuambia tusiangalie moto, tuangalie bomba. Ule mkanda mwembamba ulianza kuvimba kama andazi lililotumbukizwa kwenye mafuta, ukalibana bomba lililokwisha kulegea, ukalisokota, ukaliziba lote. Alipozima, katikati ya pete palikuwa na donge jeusi jepesi, na aliposhika upande wa pili hakuungua. Siku ile ndiyo niliacha kuamini povu kwenye mabomba ya plastiki, na sijarudi nyuma.

Kwenye slabu, kola inafungwa upande wa chini, kwa sababu moto unatoka chini. Kwenye ukuta zinafungwa mbili, kila upande moja. Ifungwe kwa bolti za chuma zinazotanuka ndani ya zege. Nimeona kola nzuri, za gharama, zimeshikiliwa na skrubu zilizopigwa kwenye plagi za plastiki. Plagi zikiyeyuka, kola inadondoka sakafuni kabla haijaanza kuvimba. Na ile nafasi kati ya bomba na zege ijazwe udongo wa saruji na mchanga, ushindiliwe vizuri kwa kina chote cha slabu. Saruji haiungui, ni rahisi, na fundi wako anaijua.

Kama kola huzipati, au bei inakushinda, zungushia bomba tofali. Jenga kiboksi cha tofali kuanzia sakafu ya fremu hadi kugusa slabu, ukipige plasta, na mahali bomba linapotoka kwenda nje litokee ukuta wa nje, lisitokee ndani ya fremu. Utapoteza kona ndogo ya kila duka. Mpangaji atalalamika, mwache alalamike.

Tundu la nyaya lina dawa yake. Plastiki ya waya nayo inayeyuka na kuacha upenyo, kwa hiyo unahitaji dawa ya kuzibia inayovimba, ile ya akriliki inayokamuliwa kwa bunduki kama silikoni. Kwanza unapachika sufi ya mawe, ile ya nyuzi za mawe isiyoungua, ndani ya tundu iwe mgongo, kisha unakamua dawa juu yake kwa kina kilichoandikwa kwenye karatasi. Kina hicho ndicho mafundi wengi wanachoiba. Niliwahi kuitwa kukagua jengo moja kubwa hapa mjini kabla ya kukabidhiwa. Juu ya dari, kila tundu la nyaya lilikuwa na dawa nyekundu, safi, imelainishwa kwa kidole, na stika ya tarehe pembeni. Nikachomeka bisibisi. Dawa ilikuwa nyembamba kama maganda ya yai. Nyuma yake walijaza karatasi za mifuko ya saruji na povu la njano. Nilikaa juu ya ngazi nikiwa na lile karatasi mkononi, nikashindwa kusema kitu kwa muda, kwa sababu lile lilikuwa jengo la watu kulala usiku.

Sasa mpangaji wako wa gesi. Mwambie hapana. Hakuna kola, povu wala tofali lililopimwa kwa ajili ya duka la mitungi chini ya vitanda vya watoto. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini na kutambaa sakafuni ikitafuta cheche, na hakuna dari litakalokusaidia ikilipuka. Fremu yenye kona ya saluni au duka la nguo, nakubali. Ya mitungi, mtafutie mahali pengine hata kama anakupa kodi ya mwaka mzima mkononi. Na ramani yako ipelekee Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waipitie sasa, slabu ikiwa wazi.

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu, nina chekechea ya watoto arubaini Kisauni, Mombasa. Tangu wale watoto 21 wa shule ya Endarasha, Nyeri, walipofariki kwa moto bwenini mwezi wa Septemba 2024, wazazi waniuliza maswali na mimi sina majibu. Nataka kubadilisha dari la mbao. Muuzaji wa dari za PVC aniambia hazishiki moto. Alitia kiberiti mbele yangu, kikazima. Nimwamini?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Sijambo, mwalimu wangu. Kiberiti alichokiwasha hakikudanganya, ila kilisema nusu ya habari.

Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC yenyewe ni klorini, na klorini inauzima mwali mdogo. Ukiondoa njiti, inazimika. Lakini moto wa chumba si njiti. Godoro au mapazia yakishika, joto la juu ya chumba linalegeza vile vipande vyote kwa pamoja, vinaanguka juu ya watoto vikiwa laini na vya moto, na moshi wake una asidi inayochoma macho na koo. Mtoto wa miaka minne aliyefumba macho kwa kuwashwa hataona mlango.

Ndiyo maana viwango vya Ulaya haviishii kwenye herufi kubwa ya daraja, kuanzia A1, isiyoungua kabisa, hadi F. Vinaongeza herufi s ya moshi, kutoka 1 hadi 3, na d ya matone yanayowaka, kutoka 0 hadi 2. Namba ndogo ndiyo nzuri. Muulize muuzaji wako: s ngapi, d ngapi? Akikutazama tu, umeshapata jibu.

Jipsamu ya kawaida ni A2-s1,d0. Siri yake ni maji. Karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yake yenyewe, huyaoni wala huyahisi. Bodi ya milimita 12.5 inabeba zaidi ya lita moja na nusu kwa kila mita mraba. Moto ukiipiga, unalazimika kwanza kuyakausha maji hayo, na hadi yaishe upande wa pili wa bodi unakaa karibu na joto la maji yanayochemka. Hizo ni dakika za kuwatoa watoto. Maji hayo yakiisha, bodi inapasuka na kuwa unga. Kwa chekechea ningeweka zile zenye nyuzi za kioo ndani, huandikwa aina F, hazipasuki upesi, na viungo vyote vizibwe kwa dawa yake na utepe. Kila taa ya kuchimbia unayotoboa ni tundu, basi weka taa za kuning'inia.

Ila mwalimu, dari usilifanye ndilo la kwanza. Kabla hujanunua bodi hata moja, nenda katazame grili za madirisha na milango. Chumba cha watoto arubaini kiwe na milango miwili iliyo mbali mbali, yote ifunguke kwa nje, na wakati watoto wamo ndani kusiwe na kufuli. Grili moja angalau iwe na bawaba, ifunguliwe kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo. Kwa fundi wa kuchomelea hiyo ni kazi ya siku moja. Ifanye wiki hii.

SWALI: Habari fundi. Mimi nafunga paneli za aluminiamu kwenye kuta za nje, zile zenye tabaka katikati. Mteja wa hapa Mwanza ana hoteli ya ghorofa saba. Nimeletewa paneli za bei mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Muuzaji anasema zote ni aluminiamu na aluminiamu haiungui.
Fundi kijana, Mwanza

JIBU: Kijana wangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kufunga. Zile bati mbili za juu na chini hazikupi shida, kila moja ina kama nusu milimita. Uliza cha katikati.

Ya bei rahisi katikati ina polithini tupu, plastiki ileile ya mifuko. Kilo moja ya polithini ina joto karibu sawa na kilo moja ya dizeli. Hebu jumlisha ukuta mzima wa ghorofa saba, uone umeuvika nini. London, tarehe 14 Juni 2017, friji liliwaka moto kwenye jiko la ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell. Moto ulitoka dirishani, ukakuta paneli za namna hiyo, na kwa muda wa kama nusu saa ulikuwa umefika paani, na jengo lilikuwa la ghorofa 24. Watu 72 walikufa. Huko Dubai, jengo la Torch liliungua Februari 2015 na likaungua tena Agosti 2017. Na usiku wa 31 Desemba 2015 mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama barabarani wakingoja fashifashi za mwaka mpya, tukaona hoteli ya Address ikiwaka kwa nje kutoka chini kwenda juu. Nakumbuka vipande vinavyowaka vikidondoka vimoja vimoja, na wenzangu wa kazini hakuna aliyezungumza, maana sote tulijua ni nini kile.

Paneli yenye katikati iliyochanganywa na madini, ile inayoandikwa FR, kawaida hufika daraja B la Ulaya. Iliyojaa madini karibu yote hufika A2. Kwa hoteli ya ghorofa saba, mahali watu wanalala na hawajui ngazi ziko wapi, mimi ningefunga A2 au ningeacha plasta na rangi. Daraja B kwangu haitoshi.

Ili usibadilishiwe mzigo, kata kipande pembeni ya kila paneli iliyoshushwa, kwangua katikati yake kwa kisu, peleka nje kwenye upepo na uwashe yale makwangua. Polithini inayeyuka, inadondosha matone yanayowaka, na inanukia kama mshumaa uliozimwa. Ya madini inafanya weusi tu. Jaribio hilo halikupi daraja, daraja linatoka maabara na linakuja na cheti chenye jina la paneli hiyohiyo. Litakuonyesha tu mwizi. Na kwenye ule uwazi kati ya paneli na ukuta, weka vizuizi vya sufi ya mawe kila ghorofa. Bila hivyo uwazi huo unavuta moto juu kama bomba la jiko la mkaa.

SWALI: Mzee wangu, karakana yangu Arusha ina jukwaa la juu lililobebwa na nguzo za chuma, na juu yake kuna ofisi. Chuma hakiungui, kwa nini mkaguzi anataka nikivike?
Mwenye karakana

JIBU: Mkaguzi yuko sawa. Chuma ni A1, hakiungui kabisa, na bado kinaweza kukuua. Kikifika nyuzi 550 hivi kimebakiwa na kama nusu ya nguvu zake, na nguzo nyembamba iliyo wazi inaweza kufika huko ndani ya robo saa. Ofisi inashuka na watu wake.

Rangi inayovimba ipo na ni nzuri, lakini unene wake unatoka kwenye jedwali kulingana na ukubwa wa chuma, na lazima upimwe kwa kifaa baada ya kukauka. Ukipata fundi rangi asiyekuwa na kifaa hicho, usimpe kazi. Kwa karakana, ambako nguzo zinagongwa na magari, mimi ningezungushia wavu wa chuma na kumwaga zege la sentimita tano pande zote kutoka sakafuni hadi chini ya jukwaa, bila kuacha ile sehemu ya juu ambapo nguzo inakutana na boriti. Hapo ndipo joto linapojikusanya, na hapo ndipo mafundi huacha wazi kwa sababu mkono haufiki. Piga picha ya kila nguzo kabla ya kumwaga zege, mkaguzi atazitaka.